Mwalimu Aliyemwita Mwanangu Mama

Mwanangu alipokuwa gredi ya pili, alikuwa akifika nyumbani anaanza habari za mwalimu wake kabla hajavua viatu. Madam amesema hivi, madam amecheka vile, madam hapendi kitunguu kibichi. Mimi niko pale, nimeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi, mgongo unaniuma, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi napenda kitunguu kibichi. Nitasema wazi tangu mwanzo ili mtu asinitafutie sababu nzuri. Nilimwonea yule mwanamke wivu. Wivu wa kumtazama mtu akipita na kutamani ateleze kwenye matope ya Ruiru, tena siku ya Jumapili, na nguo nyeupe.

Wivu huo una historia yake. Nilimzaa huyu msichana bila kuolewa, na kwetu Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kike akizaliwa hivyo huchukua jina la mama ya mamake. Kwa hiyo mwanangu ni mama yangu. Anayeujua mwiko na desturi yetu hawezi kulichukulia hilo kama mzaha. Watu humsalimu mtoto wa namna hiyo kwa heshima ya yule aliyempa jina, humtania kwamba amezeeka vizuri, humwomba baraka na yeye bado ananyonya kidole. Mimi nilimwita maitu, yaani mama yangu. Akilia nilimuuliza, "Maitu, nani amekukosea?" na hapohapo angenyamaza na kuanza kutaja majina ya waliomkosea.

Alilelewa na mama yangu mwenyewe huko Thika, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja Ruiru kutafuta pa kushika na cherehani moja ya mkopo, nikishona yunifomu za shule na kupunguza suruali za wenye kazi zao kutoka mtaa wa Membley. Jumapili nilikwenda Thika. Nikiita "maitu" mlangoni, waliitika wote wawili, mkubwa kutoka jikoni na mdogo kutoka chini ya meza, kisha wakabishana ni nani aliyeitwa. Mama alikuwa akishindwa kwa makusudi.

Mama akafariki. Nilimchukua mtoto tukaja Ruiru, akiwa bado hajaanza gredi ya kwanza, na lile neno likanikwama. Kila nilipofungua mdomo nimwite, niliona udongo ukimwagwa. Nikaanza kumwita kwa jina lake la ubatizo, lile la kliniki na la shuleni. Sikumweleza kwa nini, naye hakuuliza. Mtoto mdogo haulizi neno lake limeenda wapi.

Alichofanya ni kuharibu. Katika shule ya kwanza alitema mate kwenye uji wa wenzake na kumsukuma mtoto mwingine kwenye mtaro. Katika ya pili alipindua meza, na mwalimu alipomshika mkono, akamng'ata. Kote kuwili waliniita, wakanikaribisha kiti, wakaniambia kwa upole mwingi kwamba nitafute mahali patakapomfaa zaidi. Ule upole ulinikera kuliko matusi. Kwenye ploti tunapoishi, wamama walikuwa wakianika nguo na kusema kwa sauti ya kuambiana wao kwa wao, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Nilikuwa nasikia. Niliendelea kushona.

Shule ya tatu ilikuwa ndogo, ya mabati, nyuma ya mtaa wetu. Siku tuliyokwenda kuripoti, mwanangu alishika nguzo ya geti kwa mikono miwili na kuanza kupiga kelele. Mwalimu wa gredi ya kwanza akatoka. Alikuwa Mkamba kutoka ule upande wa mashariki ya Thika, kijana, hajaolewa bado, mguu mpana, kicheko cha kusikika hadi barabarani. Hakumgusa mtoto. Aliniuliza mimi.

"Mama, huyu amepewa jina ya nani?"

"Ya mamangu."

"Na cucu mwenyewe yuko?"

"Alienda. Mwaka jana."

"Woi, pole." Halafu akamgeukia mwanangu, akainama, akanyoosha mikono yote miwili jinsi mtu anavyomsalimu mama mzee aliyekuja kutoka mbali. "Mwaitu, umeamka aje? Mbona wanakuacha usimame kwa jua na wewe ni mtu mzima? Kuja ukae."

Kwao husema mwaitu, kwetu maitu, na maana ni moja. Mwanangu alinyamaza. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama tena, kisha akaachilia nguzo na kumpa mkono. Wakaingia. Nilibaki getini na mkoba wa mtoto begani, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba nipo.

Nitakuwa mkweli, haikuwa miujiza. Muhula ule wa kwanza mwanangu alirarua kola ya sweta ya mtoto mwingine, nami nikaishona upya bila kulipwa. Alirusha vifuniko vya chupa. Siku moja alijificha nyuma ya matangi ya maji mpaka wakamtafuta shule nzima. Lakini yule mwalimu alikuwa ameshachagua njia yake na hakuiacha. Kwa kuwa mtoto ni mama, basi alitendewa kama mama. Uji wa saa nne ukiletwa darasani, hakuna aliyeonja kabla mwaitu hajaonja. Watoto wakigombana walipelekwa mbele yake aamue. Akichemka na kuanza kusukuma vitu, mwalimu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwaitu amechoka," akavuta kiti na kuketi kando yake, akaendelea kusahihisha vitabu hapo hapo mpaka mtoto apoe.

Na mtu anayeamulia wengine ugomvi huona haya kuuanzisha yeye. Polepole mambo yakatulia. Gredi ya kwanza ikaisha, yule mwalimu akapanda na darasa lake hadi la pili, halafu la tatu, na mwanangu sasa ndiye aliyekuwa akiwapokea watoto wadogo getini asubuhi na kuwafuta makamasi.

Mama mwingine angefurahi. Nilifurahi pia, kwa nusu ya moyo. Ile nusu nyingine ilikuwa inawaka. Siku ya mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alimsimamisha yule madam mbele yetu na kusema amembadilisha mtoto aliyekuwa ameshindikana, na watu wakapiga makofi huku wakinigeukia. Nilipiga makofi kwa ncha za vidole. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini siku hiyo uchungu ulikuwa wangu na sifa zikawa za mtu mwingine.

Kisha akaja kibandani kwangu nimshonee sketi. Mwanangu ndiye aliyemshikia futi, akizunguka kiuno chake kwa makini kana kwamba anampima bibi harusi, na kunitangazia namba kwa sauti. Sijawahi kupimwa na mwanangu. Nilishona ile sketi vizuri sana, pindo zuri, zipu imelala, ila kiunoni niliikaza. Si sana. Kiasi cha kumfanya mtu ashushe pumzi akikaa. Wiki iliyofuata akarudi akicheka. "Mama, nimenenepa jameni, hii imenibana. Ni hizi chapati zenu za Ruiru." Alijilaumu yeye mwenyewe! Hata hasira yangu alininyang'anya.

Lakini kilichoniuma kuliko yote ni asubuhi moja ya Jumamosi. Nilikuwa nimeota mama yangu, ndoto nzuri, bila jeneza wala udongo, na nikaamka nikiwa na lile neno mdomoni kama zamani. Nikaenda kitandani kwa mwanangu, nikamshika bega.

"Maitu, amka tunywe chai."

Akafungua macho. Akanitazama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Usiniite hivyo," akasema. "Hivyo ni madam ndiye huniita."

Nilikwenda kuteleka chai. Nilitia sukari mara mbili kwenye kikombe kimoja. Neno la mama yangu, nililolipata kwa kuzaliwa, nililompa mtoto kwa kumzaa, leo naambiwa lina mwenyewe na si mimi. Nilimchukia yule mwanamke siku hiyo nzima, na Jumapili kanisani nikamchukia tena wakati wa maombi.

Kwa hiyo niliposikia kwamba madam ameolewa na anahamia Thika, nilipika chapati. Sikujificha. Nilipika na ndengu, nikaweka na nyama kidogo. Mwanangu hakula. Alikaa amegeukia ukuta, nami nikala peke yangu, na zilikuwa tamu.

Gredi ya nne ilikuwa na mwalimu wa kiume, kijana aliyetoka upande wa magharibi, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alikuwa ameshasimuliwa habari za mwanangu, zile za kale, za kung'ata na kupindua meza. Siku ya kwanza akamweka dawati la mbele kabisa na kumwambia mbele ya wote, "Nimeskia story zako. Kwangu hakuna hiyo mchezo." Mtoto hakuwa amefanya lolote. Alipewa kesi kabla ya kosa, basi akaenda akalitafuta kosa lenyewe.

Sasa alikuwa mkubwa, na makosa yakawa makubwa. Aliwafungia wasichana chooni. Alichana karatasi yake ya mtihani mbele ya mwalimu, polepole, akimtazama usoni. Mwalimu naye akawa hamsamehi hata kidogo, kila kelele darasani ni yeye, na kila alipoonewa alilipiza, na kila alipolipiza ikaonekana kweli ndivyo alivyo. Nyumbani alikula, akalala, hakusema. Zile habari za kabla ya kuvua viatu zikakoma. Nilikuwa nimezichukia miaka yote hiyo, na nyumba ilipokosa kelele zake nikawa nafungulia redio.

Mwalimu mkuu akaniita. Alisema kosa moja zaidi, na mtoto hafiki mwisho wa muhula katika shule hiyo. Nikatoka nimeishiwa. Ruiru nzima nilijua hakuna shule nyingine ambayo ningeweza kuilipia itakayompokea mtoto aliyefukuzwa mara tatu.

Nilimeza kiburi na kupiga simu Thika. Jumamosi ile nilimvalisha vizuri, nikapanga nguo zake kwenye mfuko mkubwa, sare na malazi, maana nilikuwa nimeamua. Kama yule mwanamke anaweza kumpatia nafasi katika shule anayofundisha sasa na akubali kukaa naye, nitamwachia. Ndiyo, nitamwachia huyo huyo. Njia nzima mwanangu alikuwa akitabasamu dirishani, na kila tabasamu lilikuwa kibao shavuni mwangu.

Madam alitufungulia mlango na mtoto mchanga mkononi.

"Mwaitu!" akaita, kile kicheko chake kikajaza ua. Alitaka kunyoosha mikono yote miwili kama zamani, lakini mmoja ulikuwa umembeba mtoto. Akatoa mmoja. Mwanangu aliutazama ule mkono, akamtazama mtoto mchanga, akatoa mkono wake kwa ncha za vidole na kuurudisha haraka. Kisha akatoka nje.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, magoti yamegusa kidevu. Hakuwa analia. Ule uso niliujua hata kabla hajanigeukia, kwa sababu nilikuwa nimeuvaa tangu alipokuwa gredi ya kwanza. Nikaketi kando yake.

"Unaskia wivu," nikamwambia.

"Siskii."

"Mimi nimeskia. Tangu ukiwa mdogo."

"Wivu ya nani?"

"Ya madam."

Akageuka kabisa. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kuwa na kitu kama hicho. "Ulimfanyia nini?"

"Nilikaza sketi yake."

Alilitafakari jambo hilo, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Alicheka kama mama yangu, kichwa nyuma. Halafu akauliza, "Na saa hii imeisha?"

"Haijaisha," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Akaniegemea.

Alipokwenda kutazama kuku wa jirani, niliingia ndani na kumuuliza yule mwanamke moja kwa moja ni nini alichompa mwanangu. Alikuwa akimnyonyesha mtoto wake. Alionekana kushangaa.

"Mimi? Sikumpa kitu. Nilimsalimia tu vile anafaa kusalimiwa. Wewe ndiye uliniambia ni mama yako. Nilijua hivyo ndivyo unamwita nyumbani kila siku."

Nilitazama sakafu. Aliona hivyo, na nadhani alielewa kwamba sikuwa nikimwita hivyo, kwa sababu aliinamisha macho kwa mtoto wake na kumrekebisha kofia ambayo haikuhitaji kurekebishwa. Ningependa kusema kwamba hapo nilimpenda. Sikumpenda. Nilimheshimu, na heshima ilinichoma zaidi.

"Nitamchukua hata leo ukitaka," akasema. "Nafasi iko. Lakini mama, mwaka ujao atapata mwalimu mwingine, na mwaka ule mwingine, mwingine. Utamhamisha kila saa? Huyo kijana wa huko kwenu ulimwambia huyu ni nani?"

"Kwani haoni jina?"

"Anaona jina. Hajui ni nani."

Tulirudi Ruiru na mfuko wetu. Jumatatu nilifunga kibanda, nikaenda shuleni wakati wa mapumziko na kumkuta yule kijana peke yake katika ofisi ya walimu. Aliponiona akakaza mabega, akajua nimekuja kupigana.

"Mama, ata kabla uanze, mimi nimejaribu," akasema.

"Sijakuja kumtetea. Nimekuja kukwambia yeye ni nani."

Nikamwambia. Nilimwambia jina lilikotoka, na Thika, na mazishi, na kwamba akiitwa maitu hunyamaza asikilize. Nilimwambia akichemka asimamiwe kichwani, ila mtu aketi kando yake. Nilimwambia anapenda kuaminiwa na vitu vya wengine, kalamu, funguo, watoto wadogo. Nilimwambia hata vile anavyoshika sikio lake kabla hajafanya fujo, ili amuwahi. Kila nilichokitoa nilikihisi kikitoka. Hivi ndivyo vitu vyangu, ndivyo nilivyobaki navyo kama mama yake, na nilikuwa ninamfunza mgeni, tena kijana asiyejua hata kutabasamu, namna ya kupendwa na mwanangu. Katikati nilitaka kunyamaza. Nilitamani nimfiche moja tu, lililo tamu kuliko mengine, nibaki nalo. Nikamwambia na hilo.

Alikuwa ameweka kalamu chini. "Hata kwetu iko," akasema polepole. "Mtoto kama huyo tunamwita kukhu, yaani nyanya. Huwezi hata kumgombeza ovyo." Akajikuna shingo. "Mimi nilikuwa nimeambiwa tu anauma watu."

Mwanangu hakufukuzwa. Alimaliza gredi ya nne katika shule ile, kwa vikwazo vyake na siku zake mbaya, na mwalimu wa gredi ya tano nilimwendea mwenyewe kabla shule haijafunguliwa. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile tulikuwa bado tumeketi pale wakati mwanangu alipopita nje ya dirisha na wenzake, akaniona, akasimama. Wenzake wakaenda.

Kijana akanitazama kama anayeomba ruhusa. Kisha akatoka, akamkabili pale kwenye kivuli cha paa, na mbele ya shule nzima iliyokuwa ikicheza akainama na kunyoosha mikono yake yote miwili. Alifanya vibaya, alikuwa na haya, na shati lake lile likachomoka nyuma.

"Maitu," akasema, na lafudhi yake ikalipindua neno. "Habari ya asubuhi?"

Mwanangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi kupitia dirishani, muda mrefu, na nikajua amejua ni nani aliyelitoa lile neno na kumpa mtu huyu. Sikujua nifanye uso wa namna gani. Nikafanya nilioweza, nikatikisa kichwa kidogo kumwambia ndiyo. Akamgeukia mwalimu wake na kuweka mikono yake ndani ya ile aliyonyooshewa.

Niliinuka nikatokea mlango wa nyuma, ili asilazimike kuchagua wa kumtazama. Mlango huo hutokea jikoni. Mpishi alikuwa akikoroga githeri, akaona machozi yangu, akaacha mwiko.

"Haiya, mama! Kwani wamemfukuza?"

"Hapana," nikamwambia. "Wamempokea."